Sikukuu za Mwaka Kando ya Ziwa: Bulabo, Mavuno na Ujirani Wetu Katika Magu

Utangulizi

Historia ya usharika kwa kawaida huandikwa kwa kufuata majengo na watumishi: kanisa la kwanza la nyasi, kengele ya kwanza, mwinjilisti wa kwanza, ubatizo wa kwanza. Mambo hayo wenzangu wameyaeleza katika sura zilizotangulia. Kamati ya kitabu imenipa mimi jambo lisilo na jiwe la msingi wala hati ya kiwanja, nalo ni sikukuu za mwaka: zile tulizoletewa, zile tulizozikuta, na zile ambazo majirani zetu wa madhehebu na dini nyingine huadhimisha machoni petu.

Ndugu msomaji asidhani kwamba hili ni jambo dogo. Mwezi wa Juni unapokaribia, vijana wa kwaya huwauliza wazee wa kanisa swali lile lile: je, Mlutheri aweza kwenda Bujora kwenye Bulabo? Wapo waliojibiwa kwamba wakienda watatengwa na Meza ya Bwana. Wapo walioambiwa kwamba ni mila tu, haidhuru. Majibu yote mawili yametolewa kwa haraka. Swali hili lina historia ndefu, nayo yatupasa kuijua kabla hatujamfungia kijana mlango au kumfungulia.

Kalenda nyingi katika wilaya moja

Ukristo wa pande hizi haukuingia kwa mlango mmoja. Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe, walifungua kituo chao Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Huko Nassa walifanya kazi wamisionari wa CMS, na mwaka 1909 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Hilo ndilo chimbuko la Kanisa la AIC katika nchi yetu. Nassa kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya Wilaya ya Magu. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Mbegu ya Kilutheri nayo ilipandwa na wamisionari wa Betheli waliofika Bukoba mwaka 1910, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, kisha ikavuka maji pamoja na watu: walimu, makarani, wafanyabiashara na jamaa zao. Uislamu ulikuwa umetangulia kwa njia ya misafara ya biashara kutoka pwani.

Kila kundi lilikuja na kalenda yake. Sisi tulikuja na mwaka wa Kanisa unaoanza na Majilio, ukapita Krismasi, Epifania, Kwaresima, Pasaka na Pentekoste, hadi kwenye zile Jumapili nyingi zifuatazo Utatu. Waislamu walikuja na mwaka wa mwezi mwandamo, ambao ni mfupi kwa siku zipatazo 11 kuliko mwaka wa jua. Kwa sababu hiyo Idd na Maulidi huzunguka polepole katika majira yote, na baada ya miaka ipatayo 33 hurudi zilipoanzia. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwishoni mwa mwaka 2015, Maulidi na Krismasi zikaangukia juma moja.

Lakini kabla ya kalenda hizi zote palikuwa na mwaka wa Wasukuma wenyewe. Huo haukuandikwa katika kitabu. Ulipimwa kwa mvua, kwa jembe na kwa ghala. Mvua zilipoanza watu walilima, mara nyingi kwa vikundi, wakiimba ili jembe lisichoke. Mvua zilipokoma na mtama ukaingia ghalani, zilianza mbina, yaani michezo ya ngoma. Na zao la pamba lilipoenea, kiangazi kilikuwa pia msimu wa fedha. Basi mkulima wa Magu alikuwa na miezi michache ya kupumzika, kuoa, kutembeleana na kucheza. Mhubiri yeyote aliyetaka kusema na watu hao kuhusu sikukuu hakuwa na budi kuzijua kwanza sikukuu walizokuwa nazo.

Mbina za Bagika na Bagalu

Masimulizi ya wazee yasema kwamba katika karne ya 19 walikuwapo waganga wawili mashuhuri, pia wachezaji hodari, Ngika na Gumha. Walishindana kujua ni nani aliye bingwa. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu. Tangu wakati huo vikundi vingi vya ngoma katika Usukuma vimejihesabu upande mmoja au mwingine, na mtoto aliweza kurithi upande wa babaye kama arithivyo ng'ombe.

Namna ya mashindano yenyewe yastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo kiini cha ugomvi uliozuka baadaye na makanisa. Vikundi viwili husimama pande mbili za uwanja mmoja na kuanza kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru kwenda watakako. Manju mmoja akiimba utungo mtamu, umati huelekea kwake. Upande wa pili ukileta mbinu mpya, umati hurudi mbio. Mwenye watu wengi mwisho wa siku ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kikundi kilitafuta jambo la kushangaza. Wachezaji wa Buyeye walikuja na chatu, na wale wa Bununguli walikuwa na asili yao katika wawindaji wa nungunungu. Wale wa Bugobogobo walirusha majembe juu na kuyadaka, wakigeuza kazi ya shamba kuwa mchezo. Na kwa kuwa ushindi ulikuwa ni kuuvuta umati, kila upande ulitafuta pia dawa ya mvuto kwa mganga wake, pamoja na kinga dhidi ya dawa ya wapinzani.

Hapa ndipo wamisionari wengi walipokunja uso. Kwao ngoma ilikuwa kitu kimoja na dawa, na dawa kitu kimoja na ibada ya mizimu, na vyote hivyo vilifungamana na pombe na mikesha. Katika makanisa yaliyotokana na uamsho, aliyeokoka alitakiwa aiache ngoma kabisa. Katika sharika zetu za Kilutheri msimamo haukuwa mmoja. Wapo waliofuata ukali huo huo. Lakini hata katika historia ya Walutheri wa Tanzania kulikuwa na sauti nyingine. Huko Kilimanjaro mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi kati ya Wachaga tangu mwaka 1902 hadi 1938, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu amewapa watu, na kwamba Kanisa likivikata huku likisema linahubiri Injili litabaki na watu wasio na mahali pa kusimama. Wapo waliompinga, na si kila alilolisema linafaa leo. Hata hivyo, swali aliloliuliza halijafa.

Bulabo ya Bujora

Bujora iko Kisesa, katika Wilaya yetu ya Magu, kama kilometa 20 kutoka mjini Mwanza, karibu na barabara iendayo Magu na Musoma. Huko katika miaka ya 1950 alianza kazi Padre David Clement, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada, wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Alijifunza Kisukuma, akakusanya pamoja na wazee nyimbo, vyombo na habari za kale, na mwaka 1968 yakaanzishwa makumbusho ya Wasukuma ambayo yapo hadi leo. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa umbo la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya mtemi, na altare yake ikafanyizwa kwa mfano wa kiti cha enzi. Mtu wa Usukuma aingiapo humo huelewa bila kuhubiriwa ni nani anayeheshimiwa pale.

Sikukuu aliyoichagua kuwa mkutano wa Kanisa na mbina ni ile ya Ekaristi, ambayo Papa Urbano wa Nne aliiagiza kwa Kanisa la Magharibi mwaka 1264. Huadhimishwa Alhamisi baada ya Jumapili ya Utatu, yaani siku ya 60 baada ya Pasaka, ingawa mahali pengi imehamishiwa Jumapili inayofuata. Kwa kuwa Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, Alhamisi hiyo haiwezi kuja kabla ya tarehe 21 Mei wala kupita tarehe 24 Juni. Kule Ulaya ni majira ya maua. Huku kwetu ni wakati mvua zimekwisha, mavuno yanaingia, na miguu ya watu inatamani uwanja. Sikukuu ya kigeni ikaangukia palepale ambapo mwaka wa Wasukuma ulikuwa umeacha nafasi. Jina Bulabo lenyewe ni neno la Kisukuma lenye maana ya maua, kwa sababu ya maua yanayotandazwa njiani maandamano yanapopita.

Basi ibada hutangulia, na maandamano. Kisha uwanja huachiwa Bagika na Bagalu, na mashindano huendelea kwa siku kadhaa. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Padre Clement hakuwaambia watu waache kushindana. Aliyaleta mashindano mahali pa wazi, mchana, mbele ya watoto na wazee, baada ya sala, katika uwanja ambao mwenyeji wake ni Kanisa. Je, dawa za mvuto zilikoma? Mtu mkweli hawezi kusema hivyo kwa kila kikundi. Lakini jambo lililokuwa likifanyika mbali na macho ya Kanisa lilipewa mlango wa mbele, na anayepita mlango wa mbele huonekana.

Yafaa tukumbuke pia majira ya taifa. Mwalimu Nyerere, alipokuwa Rais wa Jamhuri mwezi Desemba 1962, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wasomi wengi walizijua ngoma za Ulaya kuliko za kwao. Mwaka uliofuata, 1963, mamlaka ya kiserikali ya machifu yalifutwa kwa sheria. Na mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia iliyofungua njia ya kutumia lugha na desturi za watu katika ibada. Kwetu pia mwaka 1963 ni mkubwa: ndio uliozaliwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kwa kuunganika kwa makanisa saba. Ngoma za watemi, ambazo hazikuwa tena na watemi wa kuzipigia, zilipata hifadhi Bujora.

Mlutheri na maandamano ya Ekaristi

Sasa turudi kwenye swali la vijana. Wengi hudhani kwamba tatizo la Mlutheri katika Bulabo ni ngoma. La hasha. Mtu akizichunguza Imani zetu ataona kwamba tatizo letu la kihistoria ni maandamano.

Tarehe 15 Juni 1530 Kaisari Karolo wa Tano aliwasili mjini Augsburg kwa ajili ya baraza la dola. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Ekaristi. Akawaamuru wakuu waliofuata mafundisho ya Luther waandamane pamoja naye. Walikataa, miongoni mwao Yohane mtawala wa Saksonia, Filipo wa Hesse na Georg wa Brandenburg-Ansbach, ingawa kumkataza Kaisari jambo kama hilo kulikuwa hatari kwa mali na maisha yao. Siku tisa baadaye, tarehe 25 Juni, Ungamo la Augsburg lilisomwa mbele yake. Katika Kibali cha 22 baba zetu walieleza sababu: Bwana alikiweka chakula chake kiliwe na kinywewe chini ya alama zote mbili, mkate na divai, kuigawa sakramenti na kuibeba barabarani hakupatani na agizo lake.

Kwa hiyo Mlutheri akienda Bujora na kusimama kando wakati maandamano yanapita, kwa heshima na bila dhihaka, anafanya jambo lenye historia ya karibu miaka 500. Hana haja ya kuwatukana wanaoandamana, wala kujifanya haoni tofauti.

Kuhusu ngoma, Ungamo lile lile husema kwa namna nyingine. Kibali cha 15 hufundisha kwamba desturi za kibinadamu zinazoweza kushikwa pasipo dhambi, zinazosaidia amani na utaratibu mwema, zishikwe. Ila dhamiri zisilemewe, kana kwamba desturi hizo ni za lazima kwa wokovu. Zaburi ya 150 hutaja matari na michezo katika kumsifu Mungu, na Daudi alicheza mbele ya sanduku la Bwana. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho juu ya vyakula vya sanamu, hakuweka orodha ya vyakula. Aliwauliza ni nani anayeabudiwa, na ndugu aliye dhaifu atapatwa na nini. Maswali hayo mawili yatosha kwa uwanja wa ngoma. Kijana anayecheza Bugobogobo akishukuru kwa mavuno amecheza mbele za Mungu wake. Kijana aliyekwenda kwa mganga ili umati umfuate ameweka tumaini lake mahali pengine, hata kama hakucheza siku ile. Mzee wa kanisa anayemtenga wa kwanza na asimwulize neno wa pili ameadhibu mwili unaocheza, na moyo uliopotea ameuacha uende zake.

Sikukuu zetu wenyewe

Haifai kuyatazama ya jirani tu. Sisi nasi tuna sikukuu ambazo wengine hututambua kwazo.

Ya kwanza ni Mavuno. Waumini huleta mahindi, mpunga, viazi, mihogo, kuku, na mwenye uwezo huleta mbuzi. Baada ya ibada hufanyika mnada uani. Mtu hununua jogoo kwa bei isiyo ya sokoni, kisha humrudisha anadiwe tena, na watu hucheka na kutoa. Mnada huo umelisha watumishi na kuezeka mapaa. Lakini faida yake nyingine ni kwamba uko wazi: jirani asiye wa usharika, hata asiye Mkristo, aweza kusimama pale, kutaja bei na kwenda na mkungu wake wa ndizi. Katika miaka ambayo mvua zilikosekana, sikukuu hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mtu aliyevuna debe moja alilazimika kuamua kama bado ana la kushukuru. Wengi walileta kibaba. Hicho kibaba ndicho historia ya usharika kuliko matofali.

Ya pili ni Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba, ambapo watoto huongoza ibada, husoma masomo na kuimba, na wazazi huketi wakisikiliza. Ya tatu ni Siku ya Matengenezo ya Kanisa, tarehe 31 Oktoba, kukumbuka mwaka 1517. Kwa miaka mingi siku hii ilihubiriwa kama siku ya kuwashinda Wakatoliki. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji ule ule wa Augsburg, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya mafundisho ya kuhesabiwa haki. Na tarehe 31 Oktoba 2016, huko Lund nchini Sweden, Papa Fransisko na viongozi wa Fungamano hilo waliongoza sala ya pamoja kuufungua mwaka wa 500 wa Matengenezo. Kama wakubwa waliweza kusali pamoja bila kuficha yaliyobaki kutengana, sisi wa Magu hatuna sababu ya kupita Kisesa tumefumba macho.

Iko pia Siku ya Maombi ya Dunia ya wanawake, Ijumaa ya kwanza ya Machi. Akina mama wetu walikwisha kukaa benchi moja na wenzao wa madhehebu mengine kabla wachungaji hawajamaliza kubishana. Na katika Idd, sahani ya pilau huvuka ua kuja kwetu; Krismasi hurudi ikiwa imejaa. Hakuna mkutano wowote wa makanisa ulioamuru jambo hilo. Limeanzishwa na akina mama jikoni, nalo limezuia ugomvi mwingi kuliko hotuba zetu.

Sikukuu isigeuke onyesho

Katika miaka ya karibuni utamaduni umepata heshima mpya hadharani. Tarehe 8 Septemba 2021, hapa hapa Kisesa, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa na machifu na kupewa jina la Hangaya, lenye maana ya nyota ing'aayo. Juni 2023 alihudhuria Bulabo. Barabara hujaa magari, wenye vibanda hupata riziki, na ngoma husikika nje ya mipaka ya Usukuma. Hayo ni mema.

Lakini sikukuu na onyesho ni vitu viwili. Katika sikukuu kila aliyekuja ana sehemu yake, hata yule aliyeleta kibaba. Katika onyesho wachache hucheza, wengi hutazama, na mgeni rasmi asipofika watu husema haikufana. Hatari hii haiko Bujora peke yake. Imo pia katika Mavuno yetu, pale mnada unapokuwa uwanja wa wenye fedha kuonyeshana nguvu, na mjane mwenye yai moja akaona aibu kulileta. Imo katika Krismasi, ikiwa kwaya zinashindana vyombo vya muziki na Mtoto aliyezaliwa hatajwi. Bagika na Bagalu walishindania umati. Kanisa likianza kushindania umati kwa njia zile zile, halina tena la kuwaambia.

Hitimisho

Miaka mia iliyopita imetufundisha kwamba sikukuu hulinda imani pale inapojulikana ni ya nani, na hujenga ujirani pale lango lake lisipofungwa. Kwa vijana watakaouliza tena Juni ijayo, jibu la mchungaji huyu ni hili: nendeni, mkijua ninyi ni nani. Simameni kwa adabu wakati wa maandamano ambayo baba zetu hawakuandamana. Shangilieni kazi ya mikono na sauti ambazo Mungu amewapa Wasukuma. Msiende kwa mganga, kabla wala baada. Kisha ifikapo Mavuno, waalikeni hao mliowaona uwanjani waje kwenye mnada wetu, nao wakae mbele.

Bwana wa mavuno azibariki kazi za mikono yetu, na miaka itakayofuata ikute malango ya usharika huu yangali wazi. Amina.